"Tabia Mbaya" Kambini: Kiswahili na Ulinzi wa Mtoto Wakati wa Likizo

Shule zinapofungwa mwezi wa Aprili, Agosti na Novemba, mabango huchipuka katika miji ya Kenya kama uyoga baada ya mvua. Kuna kambi za kandanda, za kuogelea, za muziki na uigizaji, za kompyuta na za Skauti. Kuna shule za Biblia za likizo na masomo ya ziada ya madrasa. Zote humwahidi mzazi kwamba mwanawe atacheza, atajifunza na atarudi nyumbani salama. Ahadi mbili za kwanza aghalabu hutimizwa. Ya tatu mzazi huipokea bila kuihoji. Haulizi ni nani atakayelala karibu na bweni la watoto, ni nani atakayemshika mwanawe akimfundisha kuogelea, wala mtu huyo alifanya kazi wapi kabla ya kufika hapo.

Ieleweke kwamba mchezo wenyewe si adui. Haki ya mtoto kupumzika na kucheza imetajwa katika ibara ya 31 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990. Sheria ya Watoto ya 2001 iliirudia haki hiyo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, ikaongeza kwamba kila mtoto ana haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma, na hatimaye Sheria ya Watoto ya 2022 ikachukua mahali pa ile ya 2001. Kwa hivyo, kinachokosekana si sheria. Kinachokosekana ni daraja baina ya sheria hizo, ambazo zimeandikwa kwa Kiingereza, na kijana wa miaka 21 aliyekabidhiwa watoto 30 kwa wiki mbili kambini. Makala haya yanashikilia kwamba sehemu kubwa ya daraja hilo ni lugha, na kwamba wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wamelikwepa jukumu hilo kwa muda mrefu mno.

Ukubwa wa janga lenyewe haubishaniwi tena. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2010 uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 kuhusu utoto wao. Asilimia 32 ya wanawake na asilimia 18 ya wanaume walisema kwamba walipitia ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Uchunguzi kama huo uliporudiwa mwaka 2019, viwango vilikuwa vimeshuka hadi asilimia 15.6 kwa wanawake na 6.4 kwa wanaume. Kushuka huko ni habari njema. Hata hivyo, msichana mmoja kati ya kila sita hivi bado ni idadi inayopasa kumnyima usingizi yeyote anayefungua kambi ya watoto.

Kosa la kwanza la lugha liko katika taswira ya mkosaji. Magazeti na redio zetu hupenda kumwita "mnyama", "shetani" au "fisi". Hasira iliyo nyuma ya majina hayo inaeleweka, lakini sitiari hizo hupotosha. Anayefundishwa kumtafuta fisi humtazamia mtu mchafu anayenyemelea usiku nje ya ua. Ilhali anayemdhuru mtoto katika shughuli za burudani kwa kawaida amekwisha kuingia uani, tena kwa mlango wa mbele na kwa kushangiliwa. Ndiye kocha anayewarudisha watoto nyumbani kwa gari lake, anayewanunulia viatu, anayesifiwa na wazazi kwa moyo wa kujitolea. Simon Harris, Mwingereza aliyehukumiwa mjini Birmingham mwaka 2015 kifungo cha miaka 17 na miezi minne kwa kuwadhulumu kingono watoto wa mitaani wa Gilgil, alikuwa mwanzilishi wa shirika la hisani lililoleta vijana kufundisha kwa kujitolea. Huko Marekani, chama cha Skauti kiliweka kwa miongo mingi majalada ya siri kuhusu viongozi walioshukiwa. Mwaka 2012 mahakama iliamuru sehemu ya majalada hayo itolewe hadharani, na mwaka 2020 chama hicho kikaomba ulinzi wa sheria ya kufilisika. Waliodai fidia walizidi 80,000. Mficha maradhi kifo humfichua, nacho chama hicho kilikuwa kimeyaandika maradhi yake, kikayahesabu na kuyafungia kabatini.

Kiswahili hakijapata neno moja lililokubalika la kueleza namna mtu wa aina hiyo anavyofanya kazi. Wengine hutumia "kurubuni". Neno hilo halitoshi, kwa sababu kurubuni huweza kuwa tendo la siku moja, peremende na ahadi ya uongo. Kinachotukia kambini ni cha polepole zaidi: zawadi ndogo, kisha siri ndogo, kisha mguso unaoweza kutetewa, kisha mguso usioweza kutetewa. "Kuzoesha" huenda likawa karibu zaidi na maana, maana mtoto huzoeshwa, na watu wazima walio kando yake huzoeshwa pia, hata wasishangae tena kumwona kocha akiwa peke yake na mtoto yuleyule kila jioni. Wanaisimu na walijadili neno hilo. Lakini wasijadili kwa miaka kumi.

Suala la majina ya ukoo nalo lina uzito wake. Katika kambi nyingi za Nairobi na miji mingine, wahudumu hawaitwi kwa majina yao. Huitwa "anko" na "anti". Desturi hii ina uzuri wake. Adabu ya Kiafrika haimruhusu mtoto kumwita mkubwa kwa jina tupu. Lakini udugu wa aina hii hutolewa bure, Jumatatu asubuhi, kwa mtu ambaye Ijumaa iliyotangulia hakuna aliyemjua. Mjomba wa kweli ana ukoo unaomwuliza. Anko wa kambi ana mkataba wa wiki mbili, na mara nyingine hata huo hana. Si lazima desturi ifutwe. Linalopasa ni kwamba mtoto aambiwe waziwazi, siku ya kwanza, kwamba anko pia anaweza kukataliwa, na kwamba kumkataa si utovu wa adabu.

Yuko wapi basi wa kumwuliza anko huyo? Kwa walimu, angalau kuna Tume ya Kuwaajiri Walimu. Waraka wake nambari 3 wa 2010 unamtaka mwalimu anayejua au kushuku dhuluma ya kingono dhidi ya mwanafunzi aripoti, na asiyeripoti huchukuliwa hatua za kinidhamu. Mwaka 2015 Mahakama Kuu, kwa uamuzi wa Jaji Mumbi Ngugi, iliiwajibisha Tume hiyo pamoja na Serikali kwa dhuluma iliyotendwa na mwalimu dhidi ya wasichana wawili, na kuwapa fidia ya shilingi milioni 2 na milioni 3. Jaji alikemea mtindo wa kuwahamisha wakosaji kutoka shule hadi shule, kisha kutosheka na kuwaachisha kazi tu. Hapo ndipo kambi za likizo zinapoingia katika hadithi. Mwalimu aliyefutwa katika sajili anaweza kutundika filimbi shingoni na kuitwa kocha mwezi unaofuata. Tume huchapisha majina ya waliofutwa. Kuyatazama ni kazi ya dakika kumi. Cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi nacho hutakiwa hata kwa walinzi wa maduka, na ni ajabu kuona mwenye kambi akikidai kwa bawabu asikidai kwa anayewaogesha watoto. Cheti pekee hakitoshi, bila shaka. Humtaja tu aliyewahi kushikwa. Ndiyo sababu mwenye kambi anapaswa kumpigia simu mwajiri wa zamani na kumwuliza swali lisilo na mafumbo: je, ungemruhusu afanye tena kazi na watoto?

Lakini kiini cha jambo kiko katika maneno mawili ambayo kila Mkenya aliyelelewa kwa Kiswahili anayajua: "tabia mbaya". Mtoto wa Kenya aliyedhulumiwa kingono mara nyingi hana msamiati mwingine. Husema, "Alinifanyia tabia mbaya." Hajafundishwa kuzitaja sehemu za siri kwa majina yake, kwa kuwa majina hayo huhesabiwa kuwa matusi, akiyatamka hupigwa kofi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ililazimika kulitolea kauli suala hili, baada ya mshtakiwa kudai kwamba maneno ya mtoto hayakuthibitisha kosa. Majaji walikusanya tafsida zilizowahi kutumiwa na watoto mahakamani. Kulikuwa na aliyesema tabia mbaya, aliyezungumzia dudu, na aliyesimulia kwamba alichomwa na mwiba. Wakaamua kwamba mtoto huona haya, na kwamba mahakama inapaswa kuzipokea tafsida hizo kama maelezo halali ya tendo lenyewe. Ni nadra kwa mahakama kutoa somo la semantiki na pragmatiki lililo wazi kiasi hicho, na inashangaza kwamba hukumu hiyo haisomwi katika madarasa ya isimujamii.

Sasa fikiria kinachotukia kabla ya kesi kufika huko. Mtoto anamwendea anti saa mbili usiku na kumwambia kwamba anko fulani ana tabia mbaya. Fomu ya matukio iliyomo ofisini ni ya Kiingereza. Anti anayatafsiri maneno hayo neno kwa neno, na yakishakuwa Kiingereza yanamaanisha utovu wa adabu tu: mtu anayekula akiongea, au asiyesalimia. Msimamizi anasoma fomu asubuhi, anatabasamu, anaiweka kando. Mtoto alisema ukweli. Anti hakudanganya. Msimamizi hakuficha kitu. Ushahidi umepotea katikati ya lugha mbili, na mtoto amejifunza kwamba kusema hakusaidii.

Dawa yake si ngumu. Maneno ya mtoto yaandikwe kama alivyoyasema, katika lugha aliyoyasema, iwe Kiswahili sanifu, Sheng au Kikamba, pamoja na saa na mahali. Yasisafishwe. Mhudumu asimhoji mtoto kwa maswali yanayombebea jibu, kama vile "Alikugusa hapa?" Amwambie tu, "Nieleze," kisha anyamaze. Asimwahidi kwamba itakuwa siri, kwa sababu ahadi hiyo ataivunja, au akiishika atakuwa amemsaidia mkosaji. Asiende kumwuliza mshukiwa. Aripoti kwa afisa wa watoto au polisi, na mtoto afikishwe hospitalini upesi, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72. Kila saa inayopotea katika kikao cha "kulimaliza jambo kwa amani" huhesabiwa ndani ya hizo 72.

Neno jingine linalopasa kuhojiwa ni "kunajisi". Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 ilipoanza kutafsiriwa redioni na magazetini, kosa la kufanya ngono na mtoto lilipewa jina hilo, na limekita mizizi. Najisi ni uchafu, tena uchafu wa kidini unaohitaji kutoharishwa. Kitu kilichonajisiwa ndicho kilichochafuka. Kwa hivyo kila taarifa inayosema kwamba mtoto amenajisiwa humtia doa mtoto na kumwacha mtendaji safi. Watetezi wa neno hili watasema kwamba limeshazoeleka, na kwamba istilahi ya sheria ya Kiingereza nayo ina asili iyo hiyo ya uchafu. Ni kweli. Lakini Tanzania, baada ya marekebisho ya sheria ya mwaka 1998, huliweka tendo hilo dhidi ya msichana wa chini ya miaka 18 katika kosa la kubaka, na neno "kubaka" humwelekezea kidole aliyetenda. Kiswahili cha Kenya kina uwezo wa kusema "kumbaka mtoto" na "kumlawiti mtoto" bila kupungukiwa na chochote cha kisheria. Mtoto anayesikia redioni kwamba wenzake wamenajisiwa hatatamani kujiunga nao kwa kusema.

Wapo wahudumu wema wanaolalamika kwamba kanuni hizi zitaua upendo; kwamba kocha ataogopa hata kumwinua mtoto aliyeanguka. Malalamiko haya yasidharauliwe, lakini hayana mashiko makubwa. Hakuna kanuni inayokataza kumwinua mtoto uwanjani mbele ya watu. Kinachokatazwa ni faragha ya mkubwa mmoja na mtoto mmoja: chumba kilichofungwa, safari ya gari ya wawili, ujumbe wa simu wa usiku usioonwa na mzazi. Kanuni ya wakubwa wawili humlinda pia mhudumu mwadilifu dhidi ya tuhuma ya uongo, na hilo lingetosha kumfanya aipende.

Wengi wanaosoma kurasa hizi wamewahi kuwa anko au anti, au watakuwa likizo ijayo, kwa kuwa wanafunzi wa vyuo vikuu ndio wanaotafutwa kwa kazi hizo. Wamewahi kutia sahihi karatasi za Kiingereza zenye kurasa kadhaa wasizozisoma. Vyama vya Kiswahili huandaa makongamano, mashindano ya mashairi na mijadala kuhusu usanifishaji. Havishindwi kuandaa kurasa mbili za maadili ya mhudumu wa kambi kwa Kiswahili kinachoeleweka, pamoja na fomu ya matukio yenye nafasi ya maneno halisi ya mtoto, na kuzipeleka kwa makanisa, misikiti na vilabu vya michezo kabla ya Aprili. Katika ukurasa wa kwanza iwekwe nambari 116, simu ya watoto inayopigwa bila malipo. Nayo ibandikwe pia mlangoni pa kila bweni na pembeni mwa kila kidimbwi cha kuogelea, kwa kimo cha macho ya mtoto wa miaka sita, badala ya kutundikwa ofisini kwa msimamizi.