Tabaka la Mtu wa Unguja Halimo Katika Nasaba Yake

Unguja kuna imani iliyozoeleka hata ikachukuliwa kuwa elimu: kwamba tabaka la mtu hujulikana kwa asili yake na kwa upande wa mji alikozaliwa. Kwa imani hiyo, Mwarabu alikuwa kabaila mwenye shamba la mikarafuu, Mhindi alikuwa tajiri wa duka na mkopeshaji, Mwafrika alikuwa mkulima asiye na ardhi au hamali wa bandarini. Mji Mkongwe ulikuwa wa wenye nazo, Ng'ambo ya wasio nazo. Picha hii husikika katika hotuba za siasa, katika maelezo ya watembeza wageni na katika mazungumzo ya barazani. Wanaoyatukuza Mapinduzi ya 1964 huitumia, na wanaoulilia Usultani huitumia vilevile. Wanachogombania ni nani wa kuhurumiwa tu. Ni picha mbovu, na umri wake mrefu haukuitengeneza.

Chembe ya ukweli imo, na hiyo ndiyo inayoipa nguvu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Profesa Edward Batson aliongoza uchunguzi wa kijamii wa visiwa hivi. Takwimu zake zilionyesha kwamba mashamba makubwa kabisa, yale ya mikarafuu 3,000 na zaidi, yalikuwa mikononi mwa Waarabu na, kwa sehemu ndogo, Wahindi. Hapo ndipo wengi wanapofunga kitabu. Wangeendelea kusoma wangekuta kwamba katika mashamba ya kati wamiliki Waafrika, wakiwemo wenyeji walioitwa Washirazi, walikuwa sehemu kubwa, na katika mashamba madogo ndio waliokuwa wengi mno. Wangekuta pia kwamba hao wenye mashamba makubwa walikuwa kikundi kidogo tu, ilhali sensa ya 1948 iliwahesabu Waarabu zaidi ya 40,000. Ni kweli kwamba wengi wa wenye mashamba makubwa walikuwa Waarabu. Lakini kuligeuza neno hilo na kudai kwamba Waarabu wengi walikuwa na mashamba makubwa ni uongo wa wazi, na imani nzima ya tabaka kwa nasaba imejengwa juu ya uongo huo.

Waarabu waliobaki walikuwa akina nani? Walikuwemo Wamanga, waliokuja na majahazi ya msimu kutoka Oman, wakafungua viduka vya vijijini vya kuuza mafuta ya taa, chumvi na sukari kwa vipimo vidogo. Walikuwemo Washihiri wa Hadhramaut, wachukuzi wa mizigo na wauza kahawa. Na hata yule mwenye shamba aliyeitwa kabaila, mara nyingi shamba lake lilikuwa rehani. Alikopa kwa mfanyabiashara wa mjini ili awalipe wachumaji, bei ya karafuu ikaanguka, akakopa tena. Hali ilifika mahali ambapo serikali ya Kiingereza ilitunga sheria mwaka 1934 kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie kwa Wahindi waliowadai. Mtu wa namna hiyo alikuwa na jina, nyumba ya mawe na bakuli la tambuu la fedha, lakini mavuno yake yalikuwa ya mtu mwingine kabla hayajaanikwa.

Kwa upande wa Wahindi kosa ni lilelile. Karne ya 19 ilikuwa na Tharia Topan na Jairam Shivji, wakuu wa forodha na mitaji, na majina yao yamewafunika wengine wote. Dobi, fundi viatu, sonara wa kibanda, karani wa mshahara mdogo, mpishi na mshoni wa Kigoa, hao wote sensa iliwaweka chini ya jina ambalo watu waliona ni la kitajiri.

Mfano unaoivunja imani hii vibaya zaidi unatoka kwa Washirazi wenyewe. Wahadimu wa kusini na mashariki ya Unguja walisukumwa pole pole kutoka ardhi nzuri ya magharibi, iliyopandwa mikarafuu katika karne ya 19, wakabaki maweni, kwenye ardhi ya matumbawe walikoishi kwa muhogo, mtama na uvuvi. Pemba mambo yalikwenda vingine. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuigeuza Pemba kuwa kisiwa kikuu cha karafuu, na huko Wapemba wenyeji walipanda miti yao wenyewe, wakachanganyika na Waarabu wa kiasi kwa ujirani na kwa ndoa. Miaka ya uchaguzi, kuanzia 1957 hadi 1963, Washirazi wa Unguja wengi walikwenda na chama cha ASP, na wa Pemba wengi wakaenda na chama cha ZPPP cha Mohammed Shamte au na chama cha ZNP. Nasaba iliyodaiwa ni moja, dini moja, lugha moja, lakini kura zilikwenda njia mbili. Tofauti iliyokuwepo ni ya ardhi. Na ZNP yenyewe, iliyokuja kuitwa chama cha Waarabu, ilichipuka kwa wakulima wa Kiembesamaki baada ya Vita vya Ng'ombe vya 1951, walipokataa mifugo yao kuchanjwa kwa nguvu na ardhi yao kuchukuliwa. Historia haikusubiri nadharia ya mtu.

Jambo la pili linaloiangusha imani hii ni kwamba nasaba yenyewe ilihama. Katika sensa ya 1924 watu zaidi ya 30,000 walijiandikisha kuwa Waswahili. Ile ya 1931 ilipata takriban 2,000. Hapakuwa na tauni wala uhamaji mkubwa. Watu walewale walijiandikisha kuwa Washirazi, Wahadimu, Watumbatu au Waarabu, kwa kuwa jina la Mswahili lilikuwa limekuja kunukia utumwa, na kwa kuwa serikali iligawa haki kwa kabila. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hata mgao wa chakula uligawanywa kwa kabila, na mtu aliyeandikwa vizuri alipata mchele. Basi asili iliyoandikwa kwenye karatasi za wakoloni ilikuwa mara nyingi matokeo ya nafasi ya mtu, au ya nafasi aliyoitamani, na anayeitumia leo kueleza nafasi hiyo anazunguka kisima.

Jumba la kifalme lenyewe lilikuwa ushahidi. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alizaliwa na suria wa Kihabeshi. Ndugu yake Majid na dada yao Salme walizaliwa na masuria wa Kicherkesi. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba alichukua daraja la baba. Hamed bin Muhammad, yaani Tippu Tip, alikuwa na damu ya bara iliyoonekana usoni, na hakuna aliyethubutu kumweka chini kwa ajili hiyo. Rangi ilikuwa na uzito, ndiyo, na utumwa ulikuwa na uzito zaidi. Lakini ubaba, mtaji na msafara wa bunduki vilikuwa na uzito kuliko vyote.

Hapa inafaa kutenganisha vitu viwili ambavyo mwanasosholojia wa Kijerumani Max Weber alivitenga: mali na heshima. Siti binti Saad alizaliwa Fumba katika familia ya asili ya utumwa, akauza vyungu, akahamia mjini mwaka 1911, na kufikia 1928 alikuwa Bombay akirekodi santuri zilizosikilizwa pwani nzima. Hakuwa na shamba. Alikuwa na heshima ambayo mwenye shamba aliyefilisika angeinunua kama ingeuzwa. Wanawake waliotoka utumwani baada ya 1897 waliacha kaniki, wakavaa kanga, kisha buibui, mavazi ambayo hayakumwambia mpita njia nani alikuwa mjakazi wa nani. Kudai kwamba tabaka lilionekana kwa macho ni kuwanyima akili watu waliofanya kazi kubwa kulificha.

Kosa hili halikubaki vitabuni. Mwezi Juni 1961, katika ghasia za uchaguzi, watu 68 waliuawa, karibu wote Waarabu, na wengi wao walikuwa Wamanga wa mashambani. Kabaila wa kwenye hotuba alikuwa na nyumba mjini. Aliyefikiwa na mapanga alikuwa mwenye kiduka aliyelala nyuma ya kaunta yake, anayedaiwa na wenye maduka makubwa. Yaliyofuata Januari 1964 yalikuwa makubwa zaidi, na hesabu ya waliouawa inabishaniwa hadi leo. Wapo wanaosema kwamba kuifafanua picha ya matabaka ni kuwatetea mamwinyi. Kinyume chake ndicho cha kweli: mamwinyi waliokuwa na uwezo walipata vyombo vya kukimbilia, na wasio na uwezo wakalipia jina walilochangia nao.

Imani ya Mji na Ng'ambo nayo haina msingi ulio bora. Katika karne ya 19 mabanda ya makuti yalikuwa ndani ya rasi ya mji, katikati ya majumba ya mawe, Malindi na Funguni. Waliotaka mstari ulionyooka walikuwa Waingereza. Mpango wa 1923 wa mpangaji miji Lanchester na mingine iliyofuata ilizungumza juu ya kutenga makazi, ghuba iliyoutenga mji na Ng'ambo ikafukiwa, barabara ikapita palipokuwa na maji. Ng'ambo yenyewe ilikuwa na ngazi zake. Mtu alijenga nyumba yake ya udongo juu ya kiwanja cha tajiri au cha wakfu, akalipa kodi ya ardhi, kisha akapangisha vyumba viwili kwa mahamali kutoka bara. Mwenye nyumba huyo alikuwa mpangaji wa ardhi na mtoza kodi kwa wakati mmoja. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi, na mgomo huo unaeleza matabaka ya mji kuliko ramani yoyote ya rangi.

Baada ya 1964 anwani zilipinduka. Majumba ya Mji Mkongwe yalitaifishwa, familia kutoka Ng'ambo, mashamba na Pemba zikawekwa ndani, chumba kwa familia, na hata nyumba ya Tippu Tip Shangani ikagawanywa kwa kaya kadhaa. Wenye vyeo walihamia kwingine. Mlango wa nakshi wenye misumari ya shaba ukawa mlango wa watu waliopokezana bomba moja la maji. Tangu UNESCO iuandike mji huu katika urithi wa dunia mwaka 2000, majumba mengi yamegeuzwa hoteli, na wakazi wamesukumwa tena, safari hii na bei. Wenye uwezo wa leo wanajenga Mbweni, Mazizini, Chukwani na Fumba, mahali ambapo ramani ya zamani haikuwa na cha kusema.

Mapinduzi yaligawa eka tatu tatu kwa maelfu ya familia, lakini ardhi ilibaki ya serikali, na karafuu zikauzwa kwa shirika la serikali kwa bei ya serikali. Hapo kipimo kipya kikazaliwa, nacho ni ukaribu na dola: nani ana kazi ya serikali, nani anajua mtu wa kumpatia kiwanja. Miaka ya 1980 ilipofungua biashara kikaongezeka kingine, jamaa aliyeko Muscat, Dubai au London anayetuma fedha. Mwani ulioanza kulimwa Paje na Jambiani mwaka 1989 uliwapa wanawake wa maweni fedha zao wenyewe, ingawa bei yake duni haikuwatoa maweni.

Waingereza, waliotuachia tabia ya kupanga watu, wao kwao hawapimi kwa nasaba peke yake. Mwaka 2013 BBC na wanasosholojia, akiwemo Mike Savage, walitangaza matabaka saba baada ya kuwauliza watu zaidi ya 160,000 juu ya kipato, akiba, thamani ya nyumba, burudani wanazopenda na kazi za watu wanaofahamiana nao. Kipimo hicho kilibishiwa sana, na burudani za Muingereza si za Muunguja. Lakini maswali yake kuhusu mali na marafiki yanahamishika bila taabu, pamoja na mawili ya hapa: hati ya ardhi ina jina la nani, na mshahara unatoka wapi.

Majibu ya kuanzia yapo. Utafiti wa bajeti za kaya wa 2019/20 ulikuta takriban robo ya Wazanzibari chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, Pemba ikiwa na hali mbaya kuliko Unguja, kisiwa kile kile kilichosifiwa kwa karafuu zake. Sensa ya 2022, iliyohesabu watu 1,889,773 Zanzibar, iliuliza juu ya paa, sakafu, maji, choo na nishati ya kupikia, wala haikuuliza kabila la mtu yeyote.