Anayesoma Nyumbani Hayuko Likizo

Wazazi wengi wanaamini, na baadhi ya wahadhiri pia, kwamba kijana anayesoma kwa mtandao akiwa nyumbani amepata nafuu. Hagombanii daladala, hadaiwi hosteli, hasubiri bumu la mkopo lililochelewa, chakula anapikiwa. Kwa hiyo akinyamaza wiki nzima na kulala mchana kutwa, hukumu iko tayari: mvivu huyo, au simu imemharibu. Hukumu hiyo ni ya uongo, na inawaumiza vijana ambao tayari wameelemewa.

Tuanze na nyumba yenyewe. Binti anayesomea shahada sebuleni kwa wazazi wake Mbagala hapunguziwi kazi hata moja eti kwa sababu ana kipindi saa nne asubuhi. Maharage yako jikoni, mdogo wake anataka kufuatwa shule, mgeni akifika atengewe chai, na kila anayepita anamwona yupo tu. Kaka yake akiwa na kipindi, watoto huambiwa wanyamaze. Yeye huambiwa, "Hebu acha kidogo hicho, ukimbie dukani." Usiku nyumba ikitulia ndipo anapofungua madaftari, na ndipo bando linapokuwa nafuu, basi anapakua mihadhara saa nane usiku na alfajiri anaamshwa kufagia uwanja. Mtu akiishi hivyo muhula mzima atasahau anachosoma, atagombana kwa jambo dogo na atalia asijue analilia nini. Kukosa usingizi humfanyia hivyo binadamu yeyote, awe na bidii kiasi gani.

Kisha kuna upweke, ambao hauonekani kwa sababu nyumba imejaa watu. Chuoni, mwenye sapu, yaani mtihani wa marudio, hukutana na wenzake watano wenye sapu ileile kwenye foleni ya kantini, akajua kwamba mtihani ulikuwa mgumu kweli. Nyumbani anaiona alama yake peke yake kwenye simu, na anaamini kila mtu ameelewa isipokuwa yeye. Ile diskasheni ya chini ya mwembe, ya kubishana mpaka giza linaingia, ilimfundisha mtu somo na ilimshika asianguke. Kundi la WhatsApp la watu 300 haliwezi kazi hiyo.

Wazee hujibu kwamba wao walisoma kwa kibatari na hawakulalamika. Ni kweli, usiku walisoma kwa kibatari. Mchana walikuwa darasani na wenzao. Na nchi hii ilipowafundisha watu kutoka mbali haikuwaacha wajifunze peke yao. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio kufundisha usafi na kinga ya magonjwa. Ingetosha kurusha vipindi hewani, kila mwenye redio asikilize kwake. Waandaaji hawakuridhika na hilo. Waliunda vikundi vya kusikiliza, wakawafunza viongozi wa vikundi, wakachapa vitabu, na watu wapatao milioni 2 wakakaa pamoja wakisikiliza na kujadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilifungua vituo mikoani. Tulilijua hili kabla ya intaneti. Leo linatupwa kwa sababu kutuma linki ya Zoom ni rahisi kuliko kumwandaa kiongozi wa kikundi.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25 katika mwaka wa kwanza wa korona. Lilitaja kutengwa na watu kuwa sababu kubwa, na vijana kuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Sisemi masomo ya mtandaoni ndiyo yaliyoleta yote hayo. Ilikuwa miaka ya misiba na ya vipato kukatika. Ila baada ya hapo, mtu anayesema upweke ni deko la vijana ameamua kutosikia.

Vyuo viache kutuma mabango ya "kunywa maji, fanya mazoezi". Viwapange wanafunzi kwa wilaya wanakoishi, kumi kumi, kila kundi na kiongozi wake, wakutane kila wiki katika shule ya kata iliyo karibu. Anayekosa vipindi viwili mfululizo apigiwe simu, aulizwe hali kabla ya kuulizwa kazi. Na wazazi waziheshimu saa za kipindi kama wanavyoziheshimu za anayekwenda ofisini, za binti kwanza.

Kijana akijifungia, akawa hali, halali wala hacheki kwa wiki 2, huo ni ugonjwa wa kupelekwa kwa daktari. Asitishiwe hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, kama tulivyozoea kutaniana. Hospitali ya rufaa ya mkoa inatosha kuanzia, na mzazi aende naye. Akisema anatamani kufa, apelekwe siku hiyohiyo.