Tusimpime Mgombea kwa Makofi

Ndugu wanachama, katika uchaguzi wa Septemba 1965 TANU iliweka wagombea wawili katika majimbo mengi, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine nyumba. Hakuna aliyeruhusiwa kufanya mkutano peke yake. Walisimama jukwaa moja, wakasema kwa Kiswahili, wakaulizwa maswali na watu wale wale. Kutaja kabila au dini kulikatazwa. Mwananchi aliwalinganisha papo hapo, hata Paul Bomani, Waziri wa Fedha, akashindwa huko Mwanza.

Nakumbusha hayo kwa sababu ya niliyoyaona mwezi uliopita, wanachama wa kata walipokutana kuwasikiliza waombao kuteuliwa. Wa kwanza alikuja na mafumbo na vichekesho, ukumbi ukarindima. Alipoulizwa kisima kilichokufa kitafufuliwa kwa fedha gani, akaanzisha wimbo wa chama. Nasi, aibu yetu, tukaitikia! Wa pili hana sauti, tena ana kigugumizi. Lakini alijibu: bomba limekatika ndani ya kisima, fundi amekwisha kulitazama, fedha ya halmashauri haitoshi, itabidi kila nyumba ichange. Hakupigiwa kofi hata moja. Nani apendaye kuambiwa achange?

Mjumbe mwenzangu akaninong'oneza, "Huyu hajui siasa." Mimi nasema ndiye pekee aliyejibu swali. Wajumbe, mwendapo kuwasikiliza, chukueni karatasi. Andikeni swali, na mbele yake jibu. Palipo na wimbo, acheni wazi.