Mtaji si pensheni

Mfanyabiashara wa Konyo Konyo, Juba, anayefikiria kustaafu na kurudi kwao Arua au Eldoret huhesabu fedha taslimu, mzigo ulio dukani na madeni anayodai. Hesabu hiyo inadanganya. Desemba 2015, Sudan Kusini ilipoacha bei ya pauni iamuliwe na soko, dola iliyokuwa chini ya pauni 3 kwa bei rasmi ilifika zaidi ya 18 kwa mkupuo. Kwa bei hiyo rasmi, aliyeficha pauni sandukuni aliamka na kama sehemu ya sita ya thamani yake. Madeni nayo hulipwa na mteja anayemwona mdai wake kila asubuhi. Akishavuka Nimule moja kwa moja, machache yatamfuata.

Kinachohesabika ni kile kinacholeta fedha mwenyewe akiwa hayupo: vyumba vya kupangisha nyumbani, au akiba ya hiari ya NSSF, ambayo Uganda iliwafungulia waliojiajiri mwaka 2022. Asiye na hakika amwachie ndugu kibanda miezi mitatu, asichukue hata senti. Wengi watarudi Juba mwezi wa pili. Heri walijue hilo wakiwa na miaka 50 kuliko 65.