Chokoleti Mezani, Akamwani Mvunguni

Nakiri mapema, nisije nikadhaniwa mnafiki: mimi ni mlaji wa chokoleti. Naipenda nyeusi yenye uchungu, naipenda yenye maziwa, na ni nadra kurudi safari bila kipande mfukoni. Basi ninayoyaandika si maneno ya sungura aliyezikosa ndizi akasema hazitaki, mbichi hizo.

Kilichonichokoza ni kopo dogo. Ndugu yetu mmoja alirejea kutoka Ulaya, akafika kwao Muleba, akawagawia jamaa kitu cha ajabu: punje za kahawa zilizovikwa chokoleti. Vijana wakazipokea kwa shangwe. Wakati huohuo bibi mwenye nyumba alikwisha kuwatengea wageni kisahani cha akamwani, kama ilivyo ada. Hakuna kijana aliyenyoosha mkono. Mmoja alicheka, akasema hayo ni mambo ya wazee. Kahawa ileile! Iliyovaa joho la kigeni ikashangiliwa. Iliyokuja na ngozi yake ikachekwa.

Wasomaji wa visiwani, mnaoijua kahawa ya kikombe na kashata barazani, pengine hamjapata kuitafuna. Kwa Wahaya wa Bukoba na Muleba, kahawa ilikuwa ya kutafunwa kabla haijawa ya kupelekwa ng'ambo. Tunda la robusta huchumwa kabla halijaiva, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha huanikwa hadi likauke. Mgeni huanza kwa hilo, ndipo mazungumzo yafuate. Na kwa kuwa tunda moja hubeba punje mbili, watu wawili waliotaka kuwa ndugu walichanjana, wakagawana punje hizo zikiwa zimepakwa damu yao. Ni chokoleti gani iliyopata kubeba kiapo kizito namna hiyo?

Wapo watakaonijibu kwamba chokoleti ina ustaarabu, ilhali akamwani ni uchungu mtupu. Hao hawaijui chokoleti wanayoitetea. Wamaya na Waazteki waliinywa kakao ikiwa chungu. Kipande cha kutafuna kilitengenezwa na kampuni ya Fry mjini Bristol mwaka 1847, na ya maziwa ikaja mwaka 1875 kwa Daniel Peter wa Vevey, Uswisi. Kabla ya hayo yote, mwaka 1753, Linnaeus alikwisha kuupa mti wa kakao jina lenye maana ya chakula cha miungu. Uchungu haukuwatia watu aibu. Waliusimulia, wakauandika, kisha wakaufunga katika karatasi ing'aayo. Sisi tumeacha kuusimulia wa kwetu, halafu tunashangaa kuwa watoto hawautaki.

Wengine watasema: kahawa tumeiheshimu, kwani tunaiuza. Hapo ndipo ninapopinga zaidi. Mti uliokuwa chini ya himaya ya wafalme wa Kihaya uligeuzwa mti wa fedha katika enzi za ukoloni. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walisimama kuzipinga kanuni za serikali ya Kiingereza kuhusu mashamba yao ya kahawa. Hawakukubali kuamriwa namna ya kuutunza mti wao. Leo hakuna anayetuamuru, nasi tumeutupa wenyewe. Kiwanda cha TANICA cha Bukoba husindika kahawa, na hilo ni jambo la kujivunia; lakini magunia kwa magunia ya buni bado huondoka ghafi. Kakao ya Kyela nayo hufuata njia hiyohiyo, nasi huinunua tena ikiwa imevaa karatasi.

Sisemi tuache chokoleti. Nitaila hadi meno yaniishie. Nasema asiyeionea haya kahawa iliyovikwa sukari asiionee haya kahawa iliyovikwa majani ya bibi yake. Nanyi washairi, mnaomfananisha mpenzi na chokoleti kila mnapoishiwa na tamathali, hamjaona punje mbili zilizolala katika ganda moja?

Mkataa kwao mtumwa. Siku ile bibi alikiondoa kisahani bila kusema neno, akakirudisha mvunguni. Majani anayoyatumia anayajua yeye, na katika nyumba ile hakuna aliyemwuliza ni yapi. Swali hilo halihitaji fedha wala mfadhili. Lahitaji mjukuu mmoja tu, na lahitaji aulize mapema.