Tintin: Kijana asiyezeeka na mipaka ya umri wa wasomaji

Mwezi Julai mwaka 1932 mchoraji wa Kibelgiji Georges Remi, anayejulikana zaidi kwa jina la Hergé, alimwoa Germaine Kieckens, na wawili hao wakahamia katika nyumba ya kupanga mtaa wa Knapen, manispaa ya Schaerbeek, mjini Brussels.

Wakati huo mhusika wake, mwandishi wa habari kijana aitwaye Tintin, alikuwa amekwisha kupelekwa Urusi ya Kisovieti na Kongo, na safari yake ya Marekani ilikuwa inakaribia ukingoni. Hergé alikuwa na umri wa miaka 25. Tintin, kwa makadirio ya muumba wake mwenyewe, alikuwa na miaka 14 au 15.

Hergé alifariki dunia mwezi Machi mwaka 1983 akiwa na miaka 75. Hadithi ya mwisho ya Tintin aliyoikamilisha ilitoka mwaka 1976, na humo kijana yule ni kijana bado. Mchoraji alikubali tu kwamba huenda amefikisha miaka 17.

Manispaa hiyo hiyo ya Schaerbeek ndiko alikozaliwa mwanamuziki Jacques Brel, mwezi Aprili mwaka 1929, miezi mitatu baada ya Tintin kuonekana gazetini kwa mara ya kwanza. Brel alikua, akaoa, akapata umaarufu, akaugua na kufa mwaka 1978. Tintin hana rika. Wote walioanza naye wametangulia, naye angali kijana.

Kwa wapenzi wa katuni hilo ni jambo la kufurahisha tu. Lakini shujaa asiyezeeka huwarudia watoto wa kila kizazi, na yale aliyoyasema mwaka 1931 huyasema upya kwa mtoto wa leo. Hapo ndipo penye chanzo cha mzozo kuhusu kitabu "Tintin au Congo", mzozo uliofika mahakamani mjini Brussels na ambao hukumu mbili hazikuumaliza.

Shujaa na kalenda

Wachapishaji wa Marekani wamehangaika na tatizo hili kwa njia tofauti. Robin, msaidizi wa Batman, aliingia vitabuni mwaka 1940 akiwa mtoto, na ikachukua hadi mwaka 1969 ndipo akaruhusiwa kwenda chuo kikuu.

Spider-Man alipozuliwa mwaka 1962 alikuwa mwanafunzi wa miaka 15, jambo lililokuwa geni, kwani hadi hapo vijana mara nyingi walikuwa wasaidizi wa mashujaa na si mashujaa wenyewe. Alimaliza shule mwaka 1965 na kuoa mwaka 1987. Kisha wahariri wakaona kwamba mume wa mtu hawezi tena kuwa kipenzi cha vijana. Mwishoni mwa mwaka 2007 ndoa hiyo ilifutwa kwa hila ya hadithi, kana kwamba haikuwahi kufungwa, na wasomaji wengi waliokua pamoja naye walikasirika.

Wabelgiji hawakuhitaji kufuta kitu, kwa sababu tangu mwanzo hawakuandika kitu cha kufutwa. Tintin hana baba wala mama. Haendi shule, hafanyi mitihani, hana mchumba. Anaendesha gari, anarusha ndege, anabeba bastola, na baadaye anaishi katika kasri la rafiki yake Kapteni Haddock bila mtu kumuuliza ana miaka mingapi.

Sehemu ya sababu ni ya kibiashara. Jarida la wiki lililobeba jina lake, lililoanzishwa Brussels mwezi Septemba mwaka 1946, lilijitangaza kuwa la vijana wa miaka 7 hadi 77. Mhusika mwenye umri unaoeleweka angewafukuza nusu ya wateja hao.

Sababu nyingine ni ya kisheria. Tarehe 16 Julai mwaka 1949 Ufaransa ilipitisha sheria ya machapisho ya watoto na vijana na kuunda tume ya kuyakagua. Soko la Ufaransa lilikuwa kubwa kuliko la nyumbani, na wachapishaji wa Brussels walijifunza kujikagua wenyewe kabla ya kukaguliwa.

Katika kitabu cha Lucky Luke kuhusu Billy the Kid, picha za mtoto mchanga akinyonya mtutu wa bastola ziliondolewa. Hadithi moja ya Blake na Mortimer ilizuiwa kuingia Ufaransa mwaka 1962. Wanawake nao karibu watoweke kabisa katika katuni za Kibelgiji za miaka hiyo, na si kwa bahati mbaya.

Jambo moja husahauliwa mara nyingi. Mwaka 1954 sheria hiyo iliongezewa maneno yanayokataza machapisho ya watoto yenye kuchochea au kudumisha chuki za kikabila na kirangi. Bastola za Lucky Luke zilionekana. Kongo ya Tintin haikupigwa marufuku.

Nani mtoto, nani mtu mzima?

Hadithi ya Kongo ilitoka kwa sehemu kuanzia Juni mwaka 1930 hadi Juni mwaka 1931 katika Le Petit Vingtième, toleo la watoto la gazeti la Kikatoliki la Brussels. Mkuu wa gazeti hilo, Padri Norbert Wallez, alitaka watoto wa Ubelgiji waipende koloni yao. Hergé alikuwa na miaka 23 na hakuwa amekanyaga Kongo, wala hakuwahi kuikanyaga baadaye.

Mengi yamesemwa juu ya midomo minene na lugha ya kuvunjika waliyopewa Wakongo katika kitabu hicho. Linalostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni hesabu ya umri. Kijana wa miaka 15 anafika kijijini, na katika kurasa chache amekuwa hakimu anayeamua ugomvi wa kofia kwa kuikata vipande viwili, tabibu anayegawa kwinini, mwalimu mbele ya ubao, na hatimaye chifu. Watu wazima wa nchi hiyo, wenye wake na wana, wanamwangalia kwa mshangao wa watoto.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa. Lugha yake yenyewe imehifadhi neno "boi", lililotoka kwa Waingereza likimaanisha mtoto wa kiume na likaishia kuwa jina la mtumishi wa nyumbani, hata awe babu mwenye mvi. Tintin naye ana boi wake katika safari hiyo, aitwaye Coco. Katika utaratibu wa kikoloni umri haukuhesabiwa kwa miaka, na ndiyo maana kijana mweupe aliweza kuwa mzee wa kijiji.

Hergé mwenyewe hakubaki pale pale. Mwaka 1934 alikutana na mwanafunzi wa sanaa kutoka China, Chang Chong-jen, aliyemfundisha kuitazama nchi ya watu kabla ya kuichora, na hadithi iliyofuata, ya China, inaonyesha kazi hiyo.

Kuhusu Kongo, marekebisho yalikuwa ya juu juu. Katika toleo la rangi la mwaka 1946, somo ambalo Tintin alilitumia kuwaambia wanafunzi kwamba nchi yao ni Ubelgiji liligeuzwa kuwa somo la hesabu. Mwaka 1975, kwa ajili ya wachapishaji wa nchi za Skandinavia, kifaru aliyelipuliwa kwa baruti aliachwa hai. Wakongo walibaki kama walivyokuwa. Katika uzee wake mchoraji aliziita kazi hizo za mwanzo makosa ya ujana, yaani alijitetea kwa umri, utetezi ambao mhusika wake hawezi kuutumia kwa kuwa ujana wake hauishi.

Kutoka rafu hadi mahakamani

Mwezi Julai mwaka 2007 Tume ya Usawa wa Rangi ya Uingereza ilitaka kitabu hicho kiondolewe madukani. Kampuni ya maduka ya vitabu ya Borders haikukiondoa. Ilikihamisha kutoka sehemu ya watoto na kukiweka katika sehemu ya watu wazima. Toleo la Kiingereza lenye rangi, lililochapishwa mwaka 2005, lilikuwa tayari na utangulizi pamoja na mkanda wa karatasi wenye onyo.

Mwaka huo huo mjini Brussels Bienvenu Mbutu Mondondo, Mkongo aliyekuwa akiishi na kusoma huko, alifungua mashtaka chini ya sheria ya Ubelgiji ya mwaka 1981 dhidi ya ubaguzi wa rangi. Aliomba kitabu kizuiwe, au angalau toleo la Kifaransa liwekewe onyo na utangulizi kama lile la Kiingereza.

Tarehe 10 Februari mwaka 2012 mahakama ilimkatalia. Hoja yake ilikuwa kwamba sheria inadai pawepo nia ya kuchochea chuki, na kwamba kazi ya mwaka 1931 haiwezi kupimwa bila kuzingatia mawazo ya enzi hizo. Mahakama ya rufaa iliunga mkono uamuzi huo baadaye mwaka huo huo.

Kisheria hoja hiyo ina uzito, na si vyema kuidharau. Mahakama zikianza kuhukumu vitabu vya wafu kwa vipimo vya leo, maktaba nyingi zitabaki tupu. Lakini hoja hiyo humfaa msomaji anayejua mwaka 1931 ulikuwaje. Mtoto wa miaka minane hana habari na mwaka huo. Kwake, kitabu kilichoandikwa jana na kilichoandikwa enzi za babu wa babu yake ni kimoja, hasa pale shujaa anapokuwa na sura ile ile katika filamu, mikoba na vikombe vya chai.

Suluhisho la Borders nalo lina kasoro yake. Kuweka mpaka wa umri ni kudhani kwamba mtu mzima hadhuriki, au kwamba tayari amefundishwa. Ubelgiji yenyewe imeonyesha jinsi dhana hiyo ilivyo dhaifu. Kamati ya bunge iliyochunguza historia ya ukoloni ilimaliza kazi mwezi Desemba mwaka 2022 bila wajumbe wake kukubaliana juu ya neno moja, kuomba radhi, ingawa Mfalme Philippe alikwisha kueleza majuto yake mwaka 2020 na tena mjini Kinshasa mwaka 2022. Hao walikuwa watu wazima, tena wenye nyaraka mezani.

Wakongo wenyewe hawana kauli moja. Mjini Kinshasa mafundi wamekuwa wakichonga sanamu za mbao za Tintin na gari lake na kuwauzia wageni, na wapo wanaokiona kitabu hicho kuwa kichekesho kuhusu ujinga wa Wabelgiji wa zamani. Ni mtazamo unaoeleweka kwa mtu aliye nyumbani kwake. Kwa mtoto mweusi aliye peke yake darasani mjini Brussels, kitabu kinapopita dawati hadi dawati, kicheko hicho kina ladha nyingine.

Yasiyo na onyo

Schaerbeek inaithamini sanaa hii. Nyumba ya Autrique, iliyojengwa na Victor Horta mwaka 1893, ilifunguliwa kwa umma mwaka 2004 kwa juhudi za mchoraji wa katuni François Schuiten na mwandishi Benoît Peeters, ambaye pia ameandika wasifu wa Hergé. Mpangilio wa maonyesho katika jumba la makumbusho ya reli, lililofunguliwa mwaka 2015 kwenye stesheni ya Schaerbeek, ni kazi ya Schuiten huyo huyo.

Manispaa hiyo hiyo ina barabara kuu iitwayo Général Wahis. Théophile Wahis alikuwa Gavana Mkuu wa Dola Huru ya Kongo chini ya Mfalme Leopold wa Pili, na akaendelea na wadhifa huo hadi mwaka 1912. Mtoto hulisoma jina hilo akiwa njiani kwenda shule, na hakuna mkanda wa karatasi wala dibaji. Anayetaka kumkinga mtoto na Kongo ya mwaka 1931 kwa kuhamisha kitabu rafu moja juu, ana kazi kubwa zaidi ya aliyoidhania.

Utangulizi ni dawa ndogo, lakini ni bora kuliko rafu ya juu, kwa kuwa humwambia mtoto jambo badala ya kumficha. Mwaka 2023 toleo jipya la Kifaransa, lenye michoro ya awali iliyotiwa rangi, lilitoka likiwa na utangulizi unaoeleza mazingira ya enzi hizo. Ni kitu cha namna ile ile alichokiomba Mbutu Mondondo miaka 16 kabla, akanyimwa.

Huko Kenya, ambako vijana hawakungoja shujaa atoke Brussels, jarida la katuni la Shujaaz lilianza mwaka 2010 kwa lugha ya Sheng. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana wa miaka 19 aliyemaliza shule, hana kazi, na anaendesha redio ya siri kutoka chumbani kwake. Ana wazazi na ana shida za fedha. Hahukumu kijiji cha mtu.

Tintin hawezi kupewa maisha ya namna hiyo kwa sasa. Hergé hakutaka mtu mwingine aendeleze hadithi zake, na warithi wake wamelinda agizo hilo kwa ukali. Nchini Marekani sura ya kwanza ya Tintin, ile ya mwaka 1929, iliingia mikononi mwa umma tarehe 1 Januari mwaka 2025. Katika Umoja wa Ulaya, ambako haki hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, ruhusa hiyo itapatikana mwanzoni mwa mwaka 2054. Siku hiyo mchoraji yeyote, wa Schaerbeek au wa Brussels nzima, ataweza kumrudisha Tintin Kongo, akiwa na mvi ikibidi, na kumweka mbele ya ubao ule ule, safari hii upande wa wanafunzi.