Bustani za umma ziwe za umma kweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu bustani na viwanja vya mapumziko mijini mwetu. Vingi vimepandwa maua na kuwekewa viti vizuri, lakini mlangoni kuna ngazi. Pasipo na ngazi husimikwa vyuma vya kuzuia pikipiki. Bodaboda hupenya, mwenye kitimwendo hubaki nje.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kilichobaki ni utekelezaji, nao hauhitaji mabilioni. Kwa kipimo kinachotumika sana cha moja kwa kumi na mbili, ngazi moja ya sentimita 15 yahitaji mteremko wa zege wa sentimita 180 tu. Uwazi wa sentimita 90 mlangoni watosha kitimwendo kupita.

Naziomba halmashauri zetu: kabla ya kupokea mradi kutoka kwa mkandarasi, waiteni watu wenye ulemavu waukague. Wakikwama, msiupokee.

Msomaji wako,
Dar es Salaam